Kuandikwa na vyombo vya habari na kujenga mahusiano mema na umma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wenye biashara, viongozi wa mashirika, watafiti, wasanii na maofisa uhusiano walioingia kazini karibuni. Anayejibu amekaa pande zote mbili: kwenye dawati la habari akipokea taarifa, na kwenye ofisi ya uhusiano akizituma.

Mahusiano ya umma ni kitu gani hasa? Si matangazo kwa jina lingine?

Hapana. Tangazo unalinunua. Ukishalipia nafasi, maneno ni yako, picha ni yako, na litatoka siku uliyoitaka. Habari hainunuliwi. Mhariri ndiye anayeamua kama itatoka, itatoka lini, itakaa ukurasa gani, na anaweza kumpigia simu mshindani wako ili naye atie neno. Huna mamlaka juu yake. Unachopata ni kwamba mtu asiyekula kwako ameona jambo lako linafaa kuelezwa kwa wasomaji wake, na msomaji huipa habari ya aina hiyo uzito ambao haupi tangazo.

Vyombo vya habari vyenyewe ni sehemu tu ya kazi. Mahusiano ya umma ni kujenga na kutunza maelewano kati ya taasisi na wote wanaoguswa nayo: wateja, wafanyakazi, majirani, wawekezaji, mamlaka za serikali. Ndiyo maana mtu akiniuliza afanyeje ili aandikwe gazetini, humrudishia swali: unataka nani ajue nini, na akishajua afanye nini? Wapo ambao wakilijibu wanagundua hawahitaji gazeti. Wanahitaji kikao na wafanyakazi wao, au barua fupi kwa wateja.

Nikifanya kazi nzuri, si itajulikana tu?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mteja aliyekwisha kuhudumiwa nawe, ni kweli. Kwa mhariri ambaye hajawahi kusikia jina lako, haisaidii. Anapokea taarifa nyingi kila siku na hana muda wa kwenda kukutafuta. Lazima mtu amfikishie habari, na amfikishie kwa namna itakayomrahisishia kazi. Hilo halimvunjii mtu heshima, na aliye na kazi njema anaficha faida ya wengine akikaa kimya.

Wahariri wanatumia kipimo gani kuchagua habari?

Mwaka 1965 watafiti wawili wa Norway, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, walichapisha utafiti kuhusu jinsi magazeti ya nchi yao yalivyoripoti migogoro ya Kongo, Kuba na Saiprasi. Walitaja sifa 12 zinazolifanya tukio livuke na kuwa habari, zikiwemo ukubwa wake, ukaribu wake na msomaji, kutotarajiwa kwake, uwazi wa maana yake, na kama limehusu watu au mataifa yenye nguvu. Orodha hiyo imejadiliwa na kuongezewa na wengi tangu hapo, lakini ukikaa katika kikao cha asubuhi cha chumba cha habari utaziona sifa zenyewe zikifanya kazi bila mtu kuzitaja.

Kikao hicho huwa hivi. Mwandishi anasema, "Kuna kampuni imezindua huduma mpya ya kuhifadhi nyaraka." Mhariri hainui hata kichwa: "Kwa hiyo?" Mwandishi akikwama hapo, habari imekufa, na kikao kinaenda kwa mwingine. Akijibu, "Kwa hiyo mtu aliyepoteza cheti kwenye mafuriko atakipata kwa siku mbili badala ya miezi," mhariri anauliza kama kuna mtu wa kuhojiwa na picha. Kazi yako ni kumpa mwandishi jibu la "kwa hiyo?" kabla hajaingia kikaoni. Mhariri anamtumikia msomaji, na wewe utapita mlango huo ukiwa na kitu cha msomaji mkononi.

Sisi ni wadogo na hakuna kubwa linalotokea kwetu. Tuna habari kweli?

Karibu kila taasisi inayo, ila haiioni kwa sababu imeizoea. Tafuta kwanza kwenye takwimu unazozikusanya bila kujua thamani yake. Fundi anayetengeneza simu anajua ni kasoro gani zimeongezeka mwaka huu. Zahanati inajua wagonjwa wanakuja kwa kuchelewa kwa sababu gani. Wakala wa nyumba anajua wapangaji wanauliza nini sasa ambacho zamani hawakuuliza. Ukizikusanya takwimu hizo kwa uaminifu, ukaeleza umezipataje na zina upungufu gani, umempa mwandishi kitu ambacho hawezi kukipata kwingine. Hakikisha tu hakuna jina wala siri ya mteja inayotoka humo.

Pili, ujuzi. Waandishi wanahitaji watu wa kuwaeleza mambo. Sheria mpya ya kodi inapotoka, gazeti linatafuta mhasibu wa kueleza kwa lugha ya kawaida itamgusaje mwenye duka. Huyo mhasibu hahitaji kuzindua chochote. Anahitaji kujulikana kuwa yupo, kwamba anapokea simu, na kwamba anaeleweka. Wengi wanaotokea mara kwa mara kwenye vyombo vya habari waliingia kwa mlango huu, na mimi nauona kuwa bora kuliko yote kwa anayeanza.

Tatu, watu. Maisha ya mtu mmoja yaliyobadilika, kwa ridhaa yake, yana nguvu kuliko kurasa kumi za mafanikio ya shirika.

Kuna vitu wenye navyo huvipenda lakini ni nadra kuwa habari: nembo mpya, maadhimisho ya miaka kadhaa ya kampuni, makubaliano yaliyotiwa saini bila kueleza nani atafaidika, na tuzo ambayo washindi waliilipia ada. Viweke kwenye tovuti yako.

Taarifa kwa vyombo vya habari inaandikwaje?

Tuanze na asili yake, maana ina somo. Tarehe 28 Oktoba 1906, treni ya umeme ilitumbukia majini kutoka darajani huko Atlantic City, Marekani, na watu zaidi ya 50 wakafa. Desturi ya kampuni za reli wakati ule ilikuwa kuwafungia waandishi milango. Ivy Lee, ofisa uhusiano aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya reli ya Pennsylvania Railroad, alifanya kinyume: aliandika maelezo ya kampuni na kuwagawia waandishi, kabla uvumi haujajaza pengo. Gazeti la The New York Times liliyachapa kama yalivyo. Hiyo ndiyo hutajwa mara nyingi kuwa taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari. Mwaka huohuo Lee aliwaandikia wahariri tamko la kanuni zake: kazi itafanyika waziwazi, maelezo yatakuwa sahihi, na mhariri yeyote anayetaka kuhakiki jambo atasaidiwa. Zaidi ya karne imepita na sijaona maelezo bora ya namna taarifa inavyopaswa kuwa.

Sasa muundo. Kichwa kiseme habari yenyewe. Aya ya kwanza ijibu nani, nini, lini, wapi na kwa nini, kwa sentensi moja au mbili. Zinazofuata zishuke kutoka lililo zito hadi lililo jepesi, ili mhariri akikata kutoka chini asikate moyo wa habari. Weka nukuu moja au mbili, takwimu na chanzo chake, aya fupi ya kuieleza taasisi, kisha jina na namba ya mtu atakayepokea simu siku hiyo. Ukurasa mmoja watosha.

Tuchukue mfano wa kubuni, shirika linalofundisha watu wazima kusoma. Taarifa nyingi zingeanza hivi:

*"Shirika letu, ambalo ni kinara katika utoaji wa huduma bora na za kisasa za elimu, linayo furaha kubwa kuutangazia umma uzinduzi wa programu yake ya kibunifu, katika hafla iliyohudhuriwa na wageni mbalimbali mashuhuri."*

Soma tena utafute habari. Haipo. Kuna furaha, kuna wageni, kuna sifa ambazo shirika limejipa lenyewe. Mhariri hawezi kunakili hata nusu ya sentensi hiyo. Linganisha:

*"Watu wazima 140 ambao hawakuwahi kukaa darasani sasa wanasoma risiti, maelekezo ya dawa na barua za watoto wao, baada ya miezi sita ya masomo ya jioni yanayotolewa bure kwenye madarasa ya shule za msingi."*

Shirika halijajisifu popote, na sifa imepatikana. Nukuu nayo iwe ya mtu, isikike kama mtu anavyosema. "Tumefurahishwa sana na ushirikiano huu wa kimkakati" hakuna anayesema hivyo akiwa nyumbani kwake. "Nilikuwa nikimuuliza mfamasia mara mbili, tatu, kisha naona haya kuuliza tena, sasa nasoma mwenyewe" hiyo mhariri ataiweka juu kabisa.

Ukitumia programu ya akili bandia kuandika, kagua kila jina, tarehe, namba na nukuu. Programu hizo huweza kutunga kitu kisichokuwepo kwa lugha nzuri kabisa, na jina litakalochafuka ni lako.

Niitume kwa nani?

Kwa wachache. Orodha ya anwani 500 ulizozikusanya mtandaoni itakupa barua 500 ambazo hazikufunguliwa, na itawafanya waandishi wakuweke kwenye taka moja kwa moja. Soma, sikiliza na tazama vyombo unavyovitaka kwa majuma kadhaa. Andika majina ya waandishi wanaoshughulikia eneo lako na habari walizotoa karibuni. Ukimwandikia, ataona kuwa unaijua kazi yake.

Usivipuuze vyombo vidogo. Redio ya jamii, jarida la taaluma, podikasti yenye wasikilizaji wachache lakini ambao ndio hasa wateja wako, vyaweza kukufaa kuliko ukurasa wa mbele wa gazeti la taifa. Tena waandishi wa vyombo vikubwa huvisoma vidogo wakitafuta habari.

Barua pepe ya kumpelekea mwandishi iweje?

Fupi. Mstari wa mada uwe habari yenyewe, usiandike "TAARIFA MUHIMU SANA". Kisha eleza kwa aya mbili: hili ni jambo gani, linawahusu vipi wasomaji wake, nani yuko tayari kuhojiwa, na una picha au takwimu gani. Bandika taarifa ndani ya barua chini ya maelezo yako, maana kiambatanisho kizito hakifunguki kwenye simu ya mtu aliye njiani. Picha ziweke mahali anapoweza kuzipakua, zikiwa na maelezo na jina la mpigapicha.

Nitume saa ngapi?

Asubuhi ya siku ya kazi, kabla ya vikao vya wahariri au muda mfupi baadaye. Lakini kila chombo kina ratiba yake: jarida la mwezi hupanga kurasa miezi kabla, kipindi cha redio hutafuta mgeni siku hiyohiyo. Muulize mwandishi mwenyewe anafunga kazi saa ngapi, na usimpigie saa hiyo.

Hajajibu. Nimkumbushe mara ngapi?

Mara moja, baada ya siku mbili au tatu, na ukumbushe ukiwa na kitu kipya: takwimu uliyopata, mtu mwingine wa kuhojiwa. Asipojibu tena, mwache. Kumpigia na kumuuliza tu "uliipata taarifa yangu?" kunamchosha. Kimya chake kwa habari hii hakimaanishi ameifunga njia ya habari ijayo.

Watu wanaposema "habari ya kipekee", "usichapishe kabla ya siku fulani" au "usininukuu", wanamaanisha nini?

Habari ya kipekee ni ile unayompa mwandishi mmoja tu kwanza. Inamfanya aishughulikie kwa kina, lakini ukiwaahidi wawili umewapoteza wote wawili, kwa sababu wanafahamiana.

Sharti la muda ni makubaliano kwamba mwandishi anapewa habari mapema ili ajiandae, na hataitoa kabla ya saa mliyokubaliana. Majarida ya kisayansi hutumia utaratibu huu sana, ili waandishi wapate nafasi ya kuuelewa utafiti mgumu na kuwauliza wataalamu wengine. Angalia neno *makubaliano*. Kuandika sharti juu ya barua uliyomtumia mtu bila kumuuliza hakumfungi.

"Usininukuu" ndiko kunakoumiza wengi. Maana hutofautiana kati ya mwandishi na mwandishi: mmoja ataelewa kuwa maneno hayatumiki kabisa, mwingine kuwa yanatumika bila jina. Kubalianeni maana kabla hujafungua mdomo, kwani ukishasema ndipo ukaomba lisitoke, yeye halazimiki. Ushauri wangu kwa asiye mzoefu ni mwepesi: usiseme usichotaka kukisoma kesho.

Naweza kuomba niisome habari kabla haijatoka?

Vyumba vingi vya habari havikubali, na kuomba kwako kunaweza kuonekana kama kutaka kuwahariri. Lakini unaweza kusema, "Takwimu hizi zina utata, nipigie ukitaka tuzihakiki pamoja." Wengi watapiga, na watakushukuru.

Mwandishi ameomba "nauli" au bahasha. Nimpe?

Usimpe. Habari iliyolipiwa kwa siri ni tangazo lililovaa nguo za habari, na msomaji anadanganywa. Atakayepokea kwako leo atapokea kwa mpinzani wako kesho ili akuandike vibaya. Ukitaka kulipia nafasi, ilipie wazi, na iandikwe kuwa imelipiwa. Najua katika mazingira mengine msimamo huu una gharama, na kuna habari utakazozikosa. Zikose.

Nimeitwa kwenye mahojiano. Nijiandae vipi?

Uliza kwanza: kipindi gani, ni moja kwa moja au kinarekodiwa, cha dakika ngapi, na nani mwingine atakuwepo. Kisha chagua mambo mawili au matatu ambayo msikilizaji asipoondoka nayo utakuwa umepoteza safari. Kila moja lifungie mfano au namba moja. Namba nyingi hazikumbukwi na yeyote.

Mwombe mwenzako akuulize maswali matano mabaya zaidi, yale unayoomba yasiulizwe, na uyajibu kwa sauti. Kuyajibu kichwani hakutoshi. Mdomo unahitaji mazoezi yake.

Redioni, jibu kwa sekunde 20 hadi 30 kisha nyamaza. Ukimya unaofuata humtisha mgeni akaanza kuujaza, na hapo ndipo husemwa lile lisilokusudiwa. Mwachie mtangazaji ukimya wake. Kwenye televisheni mtazame anayekuuliza, na ujue kuwa kipaza sauti kiko wazi tangu kilipofungwa kwenye nguo yako hadi kitakapofunguliwa.

Kuhusu maswali magumu, wapo wanaofundisha kukwepa: ulizwa hili, jibu lile. Wasikilizaji wanaona. Jibu kwanza swali, hata kwa ufupi, ndipo uongeze unalotaka lijulikane. Mfano:

"Ni kweli mlichelewesha malipo ya wafanyakazi?"

"Ni kweli, kwa majuma matatu. Wote walishalipwa Ijumaa iliyopita. Sasa tumetenga akaunti ya mishahara peke yake ili isiguswe na matumizi mengine."

Swali limejibiwa, na mtangazaji hana sababu ya kulirudia. Mkurugenzi ambaye angeanza na "kwanza niseme kuwa kampuni yetu inawathamini sana wafanyakazi" angeulizwa mara tatu zaidi.

Nisipojua jibu?

Sema hujui, sema utalipata lini, na ulipeleke kabla ya saa uliyoitaja. Kauli ya "hatuna la kusema" isikike mara chache sana, maana msomaji huisoma kama kukiri. Palipo na sababu ya kweli ya kutosema, kama shauri liko mahakamani au familia ya marehemu haijaarifiwa, itaje sababu hiyo.

Limetufika baya. Tufanye nini saa za mwanzo?

Waliodhurika kwanza, kwa vitendo na kwa maneno. Taarifa ya saa ya kwanza haihitaji urefu: tunajua nini hadi sasa, nini bado hatujakijua, tunafanya nini, tutazungumza tena saa ngapi. Chanzo cha ajali usikikisie. Makisio ya saa ya kwanza yakibatilika, hata ukweli wa siku ya tatu hautaaminika. Mteue msemaji mmoja, na waambie wafanyakazi wako kabla hawajasikia redioni.

Mfano unaofundishwa sana ni wa Johnson & Johnson mwaka 1982. Watu saba katika eneo la Chicago walikufa baada ya kumeza vidonge vya Tylenol, dawa ya maumivu ya kampuni hiyo, ambavyo mtu alivitia sumu ya sianidi vikiwa madukani. Kampuni haikuwa na kosa hilo, na ingeweza kujificha nyuma ya ukweli huo. Ilisimamisha matangazo, ikawaonya watu wasitumie dawa hiyo, ikafungua simu za bure za maswali, ikaondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31 kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 100. Mwenyekiti wake, James Burke, alijitokeza mwenyewe mbele ya kamera. Kabla mwaka haujaisha dawa ilirudi ikiwa na kifungashio kinachoonyesha kama kimeguswa, na wateja wakarudi. Wengi huisimulia kama hadithi ya mawasiliano mazuri. Mimi naona uzito ulikuwa kwenye chupa zilizoondolewa. Maneno yalikuja kueleza kitendo kilichokwisha kufanyika.

Upande wa pili ni kampuni ya mafuta ya BP mwaka 2010. Mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka tarehe 20 Aprili, wafanyakazi 11 wakafa, mafuta yakamwagika Ghuba ya Meksiko kwa majuma. Mkurugenzi mtendaji, Tony Hayward, katikati ya maelezo ya kuomba radhi aliwaambia waandishi kuwa naye alitamani kurudishiwa maisha yake. Aliomba radhi kwa kauli hiyo, lakini ndiyo iliyobaki vichwani, na kabla ya mwaka kwisha nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine. Familia 11 zilikuwa zikisikiliza. Msemaji akikumbuka nani anasikiliza, nusu ya makosa ya namna hii hayatokei.

Maandalizi hufanywa wakati wa shwari: namba za simu za usiku, nani anaidhinisha taarifa asipokuwepo bosi, mwanasheria na ofisa uhusiano wamekwisha kuzoeana. Kwenye janga hakuna muda wa kuandika mpango.

Wameandika uongo kuhusu sisi. Niwashtaki?

Tenganisha mambo matatu. Kosa la ukweli, kama jina, tarehe au kiasi, liombee sahihisho: mwandikie mwandishi kwa adabu, onyesha sentensi yenyewe na ushahidi. Vyombo makini husahihisha. Maoni mabaya juu yako si kosa la ukweli, na unaweza kuomba nafasi ya kujibu. Uongo wa kukashifu unaoharibu maisha ya mtu, hapo muone mwanasheria.

Pima pia kelele utakayoizua. Mwaka 2003 mwimbaji Barbra Streisand alifungua kesi akidai dola milioni 50 kwa sababu ya picha ya angani iliyoonyesha nyumba yake, moja kati ya maelfu ya picha za pwani ya California. Kabla ya kesi picha hiyo ilikuwa imepakuliwa mara sita, mbili kati ya hizo na mawakili wake mwenyewe. Mwezi uliofuata tovuti ile ilitembelewa na watu zaidi ya 420,000, na kesi akashindwa. Hali hiyo sasa imepewa jina lake duniani kote.

Niajiri kampuni ya mahusiano ya umma?

Ukiwa na habari lakini huna muda wala ujuzi, inaweza kukusaidia. Uliza nani hasa atafanya kazi yako kila siku, maana mara nyingi wakubwa huja kwenye kikao cha kwanza tu. Mkimbie anayekuahidi idadi ya habari zitakazotoka, kwa kuwa hilo haliko mikononi mwake. Na uliza maadili. Bell Pottinger ilikuwa miongoni mwa kampuni mashuhuri za London. Mwaka 2017 ilifukuzwa kwenye chama cha taaluma cha Uingereza kwa kampeni iliyochochea chuki za rangi Afrika Kusini kwa ajili ya kampuni ya familia ya wafanyabiashara ya Gupta. Wateja walikimbia, na mwezi huohuo wa Septemba ikawekwa chini ya mfilisi. Njia ya mwongo ni fupi, na mteja aliyemtuma hutembea naye.

Nitajuaje kama juhudi zimezaa matunda?

Usihesabu vipande vya magazeti, wala usikubali ripoti inayosema "habari hizi zingekuwa matangazo zingegharimu kiasi hiki". Hesabu hiyo ya kulinganisha na bei ya tangazo ilikataliwa rasmi mwaka 2010, pale wataalamu wa kupima mawasiliano chini ya shirika la AMEC walipopitisha Kanuni za Barcelona, na matoleo yaliyofuata yameendelea kuikataa. Sababu iko wazi: habari inayokuchafua kwenye ukurasa wa mbele ingepata "thamani" kubwa kuliko zote.

Rudi kwenye swali la mwanzo la nani ajue nini na afanye nini. Kama lengo lilikuwa wakulima wapige simu kuomba ushauri, hesabu simu, na muulize kila anayepiga amesikia wapi. Kama lilikuwa kuaminika, waulize watu kabla na baada. Zitazame pia habari zenyewe: ujumbe wako ulikuwemo? Ulitajwa kama chanzo au kama mtuhumiwa? Msomaji uliyemkusudia anakisoma chombo hicho?

Inachukua muda gani?

Habari moja inaweza kutoka ndani ya juma. Kuwa mtu ambaye mwandishi anamkumbuka huchukua mwaka na zaidi, na hujengwa na mambo madogo: kupokea simu, kumwelekeza kwa mtaalamu mwingine pale jambo lisipokuhusu, kumwambia ukweli hata unapokupunguzia sifa, kumtumia sahihisho ukigundua mwenyewe kuwa ulimpa namba isiyo sahihi. Siku mambo yakikuharibikia, huyo huyo ndiye atakayepiga simu kusikia upande wako kabla ya kuandika.